Kishungi Kilichochemka Bakulini

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hasuki wala hapaki kucha rangi. Kazi yake, kwa miaka kumi na tisa sasa, ni kurekebisha rangi za nywele zilizoharibiwa na watu wengine. Wenzake pale saluni humwita Daktari, na si utani mtupu, kwa maana wanaokalia kiti chake huwa wamekwisha kupita mikononi mwa mashoga zao, binamu zao na mafundi wa wiki mbili. Huingia wamejifunga vitambaa, huongea kwa sauti ya chini, na karibu wote husema uongo.

Uongo huo humchosha kuliko kusimama. Kusimama kumemtunisha mishipa ya miguu, na dawa zimempasua ngozi ya vidole licha ya glavu. Lakini hayo, husema, ni mwili tu.

"Mtu kichwa kimeungua, namuuliza kapaka nini, anasema hajapaka kitu," aliniambia siku moja. "Sasa wifi, hiyo kutu imeota yenyewe?"

Nami hukasirika kwa niaba yake. Ndugu zetu wenyewe, wakikutana sebuleni, huitaja kazi yake kama kimbilio la walioshindwa shule. Nina shahada ya kemia, na nasema bila haya kwamba sijawahi kuona kipimo cha maabara kikifanywa kwa uangalifu kama anavyofanya yeye kwa bakuli la kioo na saa ya ukutani. Kabla ya kutia dawa ya kung'oa rangi kichwani mwa mtu, hukata kishungi chembamba nyuma ya sikio, hukizamisha katika dawa ileile, kisha husubiri nusu saa. Mwenye saluni, ambaye wote humwita Madam, anaichukia nusu saa hiyo kama mtu anavyochukia mgeni asiyeaga.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu yangu, alipoingia binti wa miaka kama ishirini na minne. Alipofungua kitambaa, hata msusi wa kiti cha pili aliacha kusuka. Mizizi ilikuwa myeusi, katikati palikuwa na rangi ya chungwa, na ncha zilikuwa za kijivu chenye ukijani, kama chuma kilicholala mvuani. Alikuwa amepata kazi ya kusoma habari kwenye televisheni na alitakiwa kuanza Jumatatu. Alitoa simu akaonyesha picha ya siku aliyofanyiwa usaili, nywele zikiwa kahawia hafifu, zimetulia.

"Nirudishie hii tu, anti," alisema.

"Umepaka nini baada ya hapo?"

"Wale walioniharibu ndio walipaka. Mimi sijagusa."

Wifi alizichambua zile nywele kwa vidole, akazinusa. "Mwanangu, mimi si mama yako, sitakuchapa. Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, anti. Haki ya nani."

Wifi alichukua mkasi, akakata kishungi, akakitia bakulini. Madam aliinua kichwa kutoka mezani kwake.

"Daktari, leo tuna foleni. Vipimo vyako peleka hospitali."

"Nusu saa, Madam."

"Nusu saa yako inakula wateja wawili."

"Basi wasubiri wakiwa na nywele zao."

Haikufika hata nusu saa. Katika dakika ya saba dawa ilianza kutoa mapovu na harufu nzito, kama ya betri inayovuja. Wifi alilishika bakuli kwa kitako chake, akamwita binti, akauweka mkono wake pale. Binti aliuvuta haraka. Bakuli lilikuwa la moto, na hakuna aliyelipasha. Kishungi kilipoinuliwa kwa kitana kilikatika kama mkate ulioloa.

Hapo ndipo binti aliposema ukweli. Alikuwa amenunua pakiti ya unga mweusi dukani, imeandikwa kuwa ni hina tupu, akajipaka nyumbani kuficha ile chungwa. Rangi ikachuja vibaya. Alificha kwa sababu saluni mbili zilikwisha kumkataa alipowaambia.

"Si hina tupu hiyo," wifi alisema, amechoka kabisa. "Ina chumvi za madini. Ikikutana na dawa yangu inachemka. Ingechemkia kichwani mwako."

Alimpa njia nyingine: kukata hadi mabegani na kufunika zilizobaki kwa rangi ya kahawia iliyokoza, isiyohitaji dawa kali. Binti alitikisa kichwa. Watu wa televisheni wamemchukua na rangi ile ya kwenye picha, wataona wamedanganywa.

Madam alikuja na aproni safi mkononi. "Punguza makali ya dawa, umpake. Mteja hatumkatai hapa."

"Simpaki."

"Basi nani anampaka?"

Wifi aliwageukia wenzake. Msusi wa kiti cha pili aliinamia kitana chake. Yule wa tatu alikumbuka ghafla kwamba taulo hazijaanuliwa. Binti akajifunga kitambaa chake, akatoka; wifi akamfuata mlangoni, akampa namba yake ya simu. "Popote uendapo, waambie wakate kishungi kwanza. Wakikucheka, ondoka."

Aliporudi, Madam alimwambia asije mpaka atakapoitwa. Nilifungua kinywa niseme yaliyonijaa. Wifi alinishika bega. "Wewe nyamaza, wifi. Wewe ukianza humalizi."

Jioni nilikuwa kwao. Kaka alikuwa amempashia mkewe maji ya kuloweka miguu, naye alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba, hataki chai wala pole zetu. Simu ikalia. Alikuwa yule binti, na wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Binti alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni nyingine, dawa imekwisha kuchanganywa. Akaomba kishungi kikatwe kwanza, wakamcheka, akaondoka.

"Unakata hadi mabegani?" wifi aliuliza. "Na utasema umepaka nini, vyote, tangu mwanzo?"

Akasikiliza tena.

"Haya. Kesho saa mbili asubuhi, nyumbani kwangu. Njoo na taulo usiyoogopa ikichafuka."

Alikata simu. Kaka aliuliza kwa upole kama Jumapili nayo imekuwa siku ya kazi.

"Nani kasema kazi?" alijibu bila kufumbua macho. "Ongeza maji ya moto, baba, haya yamepoa."