Mkono wa Kaka Kwenye Mita Mia na Sitini

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache kwa mdomo na mengi kwa kidole. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu bila kulijua utadhani sisi ni ukoo wa wendawazimu, nami nimechoka kuwaeleza watu. Kwa simu, ukimwuliza habari atakwambia nzuri. Ukimwuliza nzuri vipi, atakwambia nzuri tu. Lakini mketishe mbele ya redio, mpe kile kidude cha kugongea nukta na vistari vya Morse, atakusimulia mpaka alichokula jana. Habari ya kifo cha mama yetu aliniambia kwa redio, na simu alikuwa nayo mfukoni. Nililia huku nagonga polepole, namwuliza mazishi ni lini.

Kazi hiyo alijifunza relini, Nakuru, enzi ambazo stesheni bado zilikuwa zikizungumza kwa waya. Mimi alinifundisha kwa kijiko juu ya meza, na nikikosea ananigonga kidole. Alipohamia Houston na mkewe alijiunga na watu wa redio ya ridhaa, wale wanaokesha wakizungumza na dunia bila mshahara wala bosi, kwa kupenda tu. Nami nilipopata kazi ya uuguzi Dallas na kununua nyumba DeSoto, kando ya jiji, wageni wengine waliniletea sufuria na mapazia. Yeye aliniletea redio na bunda la waya mwembamba. Tukaupitisha waya kwenye uzio na juu ya mti wa pekani nyuma ya nyumba, tukaupaka rangi ya gome, maana chama cha wakazi wa mtaa wetu hakitaki kuona hata kamba ya kuanikia nguo.

Halafu akatuacha. Alipata kazi ya ufundi wa taa kwenye uwanja mdogo wa ndege kaskazini kabisa mwa Alaska, mahali ambapo Januari jua huchungulia kidogo likarudi kulala. Alisema ni kwa mwaka mmoja. Wifi yangu, mkewe, alibaki Houston na kazi yake ya hospitali, akijua vizuri kabisa si mwaka mmoja. Kule hakuna majirani, hakuna televisheni mia zinazonguruma kwenye masafa, kuna uwanda mtupu wa kutandaza nyaya atakavyo. "Mke mkubwa ni redio," wifi alikuwa akisema, "mimi ni nyumba ndogo." Tulikuwa tukicheka. Alistaafu, na bado hakushuka.

Alichokifuata huko ni mawimbi ya redio ya mita mia na sitini. Hayo ndiyo masafa ya chini kabisa katika yale tunayoyapenda, na ndiyo magumu kuliko yote. Mchana hayafiki popote. Yanataka giza upande wako na giza upande wa mwenzako, na jua likichomoza kwa mmoja wenu, sauti inazama mpaka imekwisha, hata uwe katikati ya neno. Kaka alinifundisha kupenda ile nusu saa ya mwisho kabla ya mapambazuko ya Texas, ambapo kaskazini hufunguka kwa ghafla. Watu kazini wakisikia ana makao huko wananiambia, ah, ana bahati, anaziona taa za kaskazini zikicheza angani! Yeye alikuwa akizilaani. Taa hizo zikiwaka, masafa yote yanageuka kuwa mvumo kama mafuta ya kukaangia, na husikii mtu.

Kila mwishoni mwa Januari kuna mashindano. Wikendi nzima kila kituo kinawaita wengine, mnapeana alama ya jinsi mnavyosikika na jina la jimbo, mnaachana, anayewapata wengi zaidi ndiye mshindi. Siku hizi karibu wote wanatuma kwa kompyuta. Mtu anabonyeza kitufe, mashine inagonga nukta zote sawasawa kama cherehani. Mimi na kaka tuliapiana hatutafanya hivyo. Yeye alisema kutuma kwa mashine ni sawa na kupeleka kadi ya pole iliyokwisha kuandikwa dukani. Mkono wa mtu unajulikana, kama mwendo wake unavyojulikana akiwa bado mbali barabarani. Wa kaka ulikuwa na kistari cha mwisho kirefu kidogo, cha maringo. Ningeutambua kati ya elfu.

Na ni kwa mkono huo nilijua anaumwa. Oktoba iliyopita nukta zake zilianza kuzaana. Penye mbili nilisikia tatu, penye tatu nikasikia tano. Mimi ni muuguzi, nimewashika mikono wazee wengi wenye Parkinson, najua kidole kinachotetemeka kikiwa kimepumzika. Nilimwuliza kwa redio, akazima. Nikampigia simu.

"Kaka, mkono wako una nini?"

"Baridi tu."

"Huko baridi haikuanza leo."

"Basi ni uzee. Wewe kila mtu kwako ni mgonjwa. Nenda uwatibu Waamerika wako."

Akakata. Nilikasirika nikatupa simu kwenye kochi, kisha nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto. Mzee wa miaka sabini kasoro, peke yake, na waya ukianguka kwa theluji anatoka nje kuuinua kwa mikono ile.

Wifi naye alikuwa amejaribu kila njia. Akimpigia kwa video, kaka anaelekeza kamera dirishani kumwonyesha theluji. Mwezi wa Desemba wifi aliniambia, "Skiza, wifi. Mimi hizo kelele zenu sielewi, lakini wewe huwezi kudanganywa. Wikendi ya mashindano msikilize. Ukiniambia mkono umeharibika, nita-book flight siku hiyo hiyo, tuende tumlete, atake asitake. Ukiniambia uko poa, nitamwacha na redio yake. Sitauliza tena."

Nikakubali. Nilikuwa nimebeba mizigo mingi kazini, lakini huo ulinishinda. Wiki nzima nilikuwa nikimwazia kaka akiwa ameanguka nje, na mlango wazi nyuma yake.

Jumamosi ya mashindano niliamka kabla ya mapambazuko, nikavaa koti juu ya gauni la kulalia, nikakaa. Masafa yalikuwa tulivu, hakuna mvumo, hakuna taa za kaskazini. Nikazungusha taratibu nikipita kelele ambazo chaja za simu za majirani hutia redioni. Na pale, chini kabisa, akatokea. Alama ya kituo chake, ikiita yeyote, yeyote.

Ilikuwa safi. Kila nukta sawa na mwenzake. Hakuna mtetemo. Kwa muda mfupi nikajisikia nasema Mungu wangu, amepona. Kisha nikasubiri kile kistari cha mwisho cha maringo, hakikuja. Akaita tena, vilevile. Na tena, vilevile, bila hata unywele wa tofauti. Ilikuwa kompyuta.

Nilikaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Kaka yangu, aliyekuwa akiwatukana watu wa mashine, amenunua mashine.

Nikamwita. Mashine ikanijibu, ikanipa alama ya juu kabisa, na jina la jimbo lake, na asante. Kwa desturi hapo unaachana naye, kwa sababu wengine wamepanga foleni nyuma yako wanangoja. Sikuachana naye. Nikagonga kwa Kiswahili, katikati ya mashindano, jambo la aibu kubwa: TUMA KWA MKONO.

Watu wawili walianza kumwita juu yangu, mmoja wa Ohio, mwingine sijui wa wapi. Nikarudia. TUMA KWA MKONO KAKA.

Ndipo akaanza.

Sijui niandike vipi nilichokisikia. Nukta zilimwagika kama mtu aliyeangusha kikombe cha dengu. Vistari vilikatika katikati, vikaungana na vya neno lililofuata. Palikuwa na kistari kirefu mno, kidole kimekwama chini hakitaki kuinuka, halafu mvua ya nukta, halafu kimya, halafu anajaribu tena. Nilipata herufi moja labda, nayo sina hakika. Mimi niliyesoma kwa kijiko kabla ya kusoma kwa kitabu, sikuelewa hata neno.

Nikagonga RUDIA. Akarudia. Nilijua anarudia kwa sababu urefu wake ulikuwa uleule. Halikuwa neno moja, wala haikuwa salamu. Nikagonga RUDIA POLEPOLE. Akarudia, na polepole ilikuwa mbaya zaidi. Yule wa Ohio akapiga nukta za hasira juu yake, nikamtukana kwa sauti chumbani, matusi ambayo kwayo mama angenipaka pilipili mdomoni. Nilikuwa nimebana vifaa vya masikio kwa mikono yote miwili kana kwamba nitamvuta.

Kisha dirisha likaanza kuwa jeupe. Akawa anapungua. Bado alikuwa anatuma, nilimsikia bado anatuma, anazama na mkono ule unagonga, nami nagonga NAKUSIKIA, NAKUSIKIA, nikijua waya wangu mdogo kwenye mti hautafika tena. Jua likagusa paa la jirani. Yakabaki makelele ya chaja.

Sikumpigia wifi. Nilivaa, nikaingia kwenye gari, nikashika barabara ya arobaini na tano kwenda Houston, kwa sababu habari hiyo sikutaka kuisema nikiwa sioni uso wake. Nilimkuta jikoni anakata sukuma. Aliponiona mlangoni bila simu wala taarifa, aliweka kisu chini.

"Umeharibika," akasema.

"Umekwisha, wifi."

Hakulia. Alinawa mikono, akajifuta, akafungua kompyuta atafute tiketi. "Alikwambia nini?" akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Sijui. Alituma kitu kirefu. Sikuweza kusoma."

"Si ungemwambia arudie?"

"Nilimwambia. Alirudia mpaka jua likatoka."

Ndipo aliponigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akachukua simu, akampigia, akaiweka mezani kati yetu itusikie wote wawili. Iliita sana. Kaka alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Niko na wifi yangu hapa," nikamwambia.

"Habari zenu. Leo taa za kaskazini zimeharibu kila kitu."

"Kaka, taa hazikuwepo. Masafa yalikuwa safi. Ni mkono."

Wifi akainama juu ya simu. "Baba watoto, tunakuja. Nina-book sasa hivi. Kesho tuko njiani, ufungue mlango ama tuuvunje."

"Msije."

"Tunakuja!"

"Nimesema msije. Mambo hayo nilishayamaliza asubuhi." Alivuta pumzi. "Nilimwomba huyu dada yangu asubuhi. Nilimwambia siwezi tena, siwezi kufunga vifungo, nimeanguka mara mbili, njooni mnichukue. Nilirudia kila aliponiambia rudia. Mwishowe akanyamaza. Nikaona hilo ndilo jibu, nikashukuru."

Wifi alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na sitaki tena.

"Kaka, jua lilichomoza!" Nilikuwa napiga kelele. "Lilichomoza huku! Nilikuwa najibu, ulikuwa hunisikii! Wewe ndiye uliyenifundisha habari ya jua, unajua linavyokata!"

"Najua," akasema. "Baadaye niliangalia saa nikajua." Nyuma yake nikasikia kitu kinagongagonga, nadhani ni mkono wake juu ya meza. "Lakini nilipokuwa nagonga sikujua. Nilikuwa mtu anayeomba na anayenyamaziwa. Siwezi kuomba hivyo mara ya pili, hata nikitaka."

"Huhitaji kuomba," wifi akasema, sasa analia. "Hakuna anayekuomba uombe."

"Nilikuwa nimeandika yote kwenye kompyuta," kaka akasema, na alikuwa anasema nami, si na wifi. "Tangu jana. Ilikuwa tayari, kila herufi mahali pake. Nilikuwa nangoja tu uniite, tumalize kupeana alama, nibonyeze kitufe, ungesoma yote kwa dakika moja. Wewe ndiye uliyetaka mkono."