Wilfrido Ayala na Nyumba ya Ndani ya Ukuta

Wilfrido Ayala aliuza matairi miaka mingi hapa Luque, na hakuna aliyemdharau. Kilichomharibu ni nyumba. Alinunua nje ya mji, kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta, na tangu hapo ukimsalimia tu anakujibu kwa bwawa la kuogelea.

"Tuna bwawa, tuna uwanja wa tenisi, tuna njia ya kukimbilia. Duka la mikate liko pale pale!"

Tumbo lake lile halijawahi kukimbia hata likinyeshewa mvua. Nyumba yenyewe nyeupe pee, imefanana na za majirani wote, mpaka siku moja aliingia si kwake akafungua friji ya watu.

Akamchukua mama yake mjane, Mama Eduvigis, akakae naye. Mapenzi? Wapi! Alitaka majirani wapya wamwone mtoto mwema. Mama akakubali kujaribu.

"Nikipata watu wa kunywa nao terere, nitakaa. Nisipowapata, narudi kwangu."

Kwetu joto likishika unatoa kiti mbele ya nyumba, unamimina maji ya barafu kwenye kikombe cha pembe chenye majani makavu, ndiyo terere hiyo, na kila apitaye ananyonya kwa mrija uleule. Mama akatoa kiti. Wasimamizi wa mtaa wakalalamika kwamba viti vya nje vinaharibu sura. Badala ya kuwatolea uvivu, bwana mkubwa akamhamisha mama yake na kiti chake hadi uani, kando ya bwawa.

"Tulia hapa, mama. Ona maji yalivyo mazuri."

"Yanaongea?"

Kesho yake mama akahamia na kiti chake kwenye kibanda cha walinzi. Nilipotoka mjini kumpelekea mnanaa wa kutwanga, wa kutia kwenye terere, nilimkuta huko na mlinzi Cirilo, anamimina na kusengenya, vicheko vinasikika barabarani. Nikavuta ndoo tupu, nikakaa.

Wilfrido akatokea mbiombio, kavaa viatu vya kukimbilia ambavyo havijawahi kuona vumbi.

"Mama, unaniaibisha! Kina daktari wanapita hapa."

"Wapite. Kunywa, mwanangu."

Akatazama barabara kwanza, mjinga yule. Akanyonya akiwa amesimama, akarudisha kikombe.

"Asante."

Cirilo akainamisha kichwa. Hata mtoto wa shule anajua kwamba kwenye terere mtu hashukuru mpaka atosheke. Ukisema asante umejitoa, hutapewa tena. Lakini Wilfrido alishazoea kunywa na wenzake wapya, kila mtu na bilauri yake, asante huku, asante kule.

"Umetosheka na mimi?" mama akauliza taratibu.

"Si hivyo, mama. Nimepitiwa tu."

Mama akamimina, akampa Cirilo. Akamimina, akanipa mimi. Wilfrido alinyoosha mkono, kikombe kikampita. Sikumwonea huruma hata chembe.

Maji yalipoisha, mama akaniuliza kama pikipiki yangu inabeba mtu na kiti. Nikamwambia inabeba. Wilfrido akatufuata hadi getini, jasho linamtiririka.

"Mama, rudi! Watu watasema nini?"

Mama alikuwa ameshapanda, kiti kimelala mapajani.

"Ungesema 'mama, nimiminie,'" akamjibu, "ningeshuka."