Shemeji wa Uwanja Mzima

Alipostaafu kazi ya kufundisha watu udereva, Mwalimu alimwahidi mkewe kwamba sasa atatulia nyumbani. Akatulia kweli, ila kutulia kwake kukawa mateso kwa wenzake. Mezani alimwelekeza mkewe namna ya kupitisha bakuli bila kukata njia ya mtu mwingine. Dirishani aliwasahihisha madereva wa barabarani kwa sauti, mmoja mmoja. Wao hawakumsikia, lakini majirani walimsikia vizuri. Mkewe alikuwa nesi wa zamu na mchana ndio ulikuwa wakati wake wa kulala. Alivumilia, akavumilia tena, mwisho akatoka chumbani na kanga kichwani.

"Baba Watoto," alimwambia, "tafuta pa kwenda. Popote. Sichagui."

Pa kwenda palipatikana kwa katibu wa chama cha mbio za baiskeli, mwanamke aliyefundishwa kuendesha gari na Mwalimu mwenyewe na ambaye mpaka leo anaegesha huku akisali. Chama kilikuwa na uwanja wake nyuma ya kiwanda cha magodoro: njia ya saruji inayozunguka, kona zake zimeinuka kama kingo za bakuli, na jukwaa la mabenchi lililoezekwa bati upande mmoja. Zilikuwapo mbio za aina nyingi, lakini zile tamu kuliko zote zilihitaji pikipiki. Pikipiki ndogo inatangulia, waendesha baiskeli wanaifuata nyuma kwa mstari, nayo inaongeza mwendo kidogo kidogo. Inapobaki mizunguko michache pikipiki inatoka njiani, na hapo ndipo wanaposhindana, kila mtu na miguu yake. Katibu alihitaji dereva wa pikipiki hiyo: mtu asiyetetereka, asiyegeuka nyuma, asiyepandwa na wazimu wa kushindana na vijana.

"Mwendo wako naujua, Mwalimu," alisema. "Mimi nililia ndani ya gari nikikuomba tuongeze kidogo."

Mwalimu akakubali, ingawa siku ya kwanza alipoambiwa kwamba baiskeli zile hazina breki, alizima pikipiki akaenda kukaa pembeni. Ilibidi abembelezwe kama bibi harusi.

Kazi ikamkaa. Alivaa suruali nyeusi iliyonyooka, shati jeupe na kofia ngumu, akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Muda wa kutoka ulipofika alinyoosha mkono wa kushoto kuonyesha kwamba anakwenda kushoto, kama alivyowahubiria wanafunzi wake maisha yake yote, akateremka taratibu na kuingia kwenye njia ya chini ya jukwaa kwenda kuegesha. Aliporudi juu, mbio zilikuwa zimekwisha na watu wanafuta jasho. Hilo halikumsumbua. Yeye aliajiriwa kutangulia, naye alitangulia.

Tatizo lilikuwa watazamaji. Hawakuwapo. Walikuja tu mama zao wale waendeshaji, na bwana mmoja mwenye gazeti aliyefuata kivuli cha bati na kulala hapo mpaka jua lipungue. Katibu alishajaribu kila njia. Alibandika matangazo, alizunguka mitaani na gari la kipaza sauti mpaka koo likamkauka, akatangaza soda ya bure. Watu wakaja, wakanywa, wakashukuru sana, wakaenda zao kabla kengele ya mwisho haijalia.

Nyumbani nako kulikuwa na lake. Mwanamume ambaye tangu aoe hajawahi kunyoosha hata leso, sasa kila Ijumaa alinyoosha suruali mwenyewe, na Jumamosi jioni alirudi akipiga mluzi.

"Unasema unakwenda kwenye mbio za baiskeli," mkewe alimwambia. "Baiskeli hujui."

"Sipandi baiskeli. Natangulia."

"Unamtangulia nani?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Wasichana," alisema kwa uaminifu, maana Jumamosi ile ilikuwa zamu ya mbio za wanawake.

Mkewe alisubiri atoke, akampigia simu mdogo wake mwenye saluni. Yeye alikuwa na zamu usiku huo na ilibidi alale, je, mdogo wake hawezi kwenda kumchungulia shemeji yake kidogo?

Mwenye saluni hakuumbiwa kuchungulia. Sauti yake ilizoea kushindana na mashine za kukaushia nywele, na alipoingia mahali, mahali palijua. Alifika na wasusi wake wawili kama mashahidi. Ndiyo kwanza wameketi, pikipiki ikapita mbele yao. Akamwona shemeji yake, mtulivu, wima, shati jeupe linapepea, na nyuma yake kundi la wasichana wenye mapaja kama magogo wanakanyaga pedali hadi nyuso zimekunjamana, na hakuna hata mmoja anayemfikia.

"Jamani!" alisema. "Shemeji anaongoza!"

"Lakini yeye ana pikipiki, dada," msusi mmoja alinong'ona.

"Na wao wana ujana. Wako sawa." Akasimama juu ya benchi. "Shemejiii! Usiwaangalie! Twende, Shemeji!"

Wasusi nao wakasimama. Bwana wa gazeti akaamka. Na hapohapo, bila aibu, Shemeji akanyoosha mkono wa kushoto na kutoka njiani.

"Wamemtoa!" Mwenye saluni alishika kichwa. "Mtu anashinda, wanamtoa!"

Alishuka ngazi, viatu mkononi, akamkamata mwamuzi ambaye alikuwa bado anatazama ni tairi la nani lililotangulia kwenye mstari. Mwamuzi akamweleza kwa upole kwamba yule bwana si mshindani. Mwenye saluni akamsikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa umeme utarudi sasa hivi. Kisha akampigia dada yake.

"Dada, wanawake wapo kweli. Kundi zima. Wanamkimbiza, na hakuna anayemkamata. Lakini tulia, mumeo hana hawara. Ana maadui."

Habari ikishaingia saluni haitembei, inaruka. Wiki nzima kila aliyekuja kusukwa alitoka na nywele mpya na kisa kipya: kwamba nyuma ya kiwanda cha magodoro kuna mzee anayewaacha vijana kila Jumamosi, na kila akikaribia kushinda anatolewa kwa amri ya wakubwa. Jumamosi iliyofuata mabenchi yalijaa nusu. Iliyofuata tena yalijaa yote, na watu wakakaa kwenye ngazi. Na kwa kuwa mwenye saluni ndiye aliyeanzisha kelele, uwanja mzima ulimwita Mwalimu kwa jina lilelile. Wanawake walimwita Shemeji, wanaume wakamwita Shemeji, hata wazee wenye mvi ambao hawakuwa na dada wa kumwoza. Mtangazaji naye akateleza kwenye kipaza sauti: "Na sasa anaingia Shemeji!" Jukwaa likatetemeka.

Katibu alijua wazi kwamba wajibu wake ni kuwaeleza watu. Alichukua kipaza sauti ili awaeleze. Akatazama yale mabenchi, ambayo tangu uwanja ujengwe hajawahi kuyaona yakiwa yamefunikwa na watu, akakirudisha. Jumatatu mabango mapya yalikuwa mitaani: picha ya Mwalimu na kofia yake, na maneno makubwa mekundu, JE, LEO SHEMEJI ATAMALIZA?

"Katibu, huu ni uongo," Mwalimu alisema.

"Ni swali, Mwalimu. Toka lini swali likawa uongo?"

Angeweza kubisha zaidi. Lakini tusimpake rangi, sifa zilimwingia. Alinunua glavu nyeupe. Ule mkono wa kushoto, ambao zamani ulikuwa ishara tu, ukaanza kunyooka polepole na kukaa hewani muda mrefu kuliko sheria yoyote ya barabarani inavyotaka, na jukwaa likaugua kwa uchungu. Hata mkewe, ambaye zamu zilikuwa bado zimembana, alianza kuulizwa na wagonjwa kama kweli ndiye mke wa Shemeji.

Siku moja baada ya mbio Mwalimu alimkuta msichana mmoja kwenye stoo ya baiskeli, amechuchumaa, anasafisha mnyororo kwa kitambaa. Wenzake walimwita Sindano, kwa jinsi alivyopenya kwenye nafasi ambazo wengine hawakuziona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti."

"Naomba nikuulize. Mimi unanijua?"

Mwalimu akamtazama, akaona haya. "Sura sijaizoea. Mnakuwa nyuma yangu. Sema kidogo… wewe ndiye yule asiyesikika? Wenzako wanahema, wewe kimya?"

Sindano alicheka bila kutaka. Kisha kicheko kikazimika. "Leo nimeshinda, Mzee. Nimevuka mstari, nimeinua macho jukwaani niwapungie watu mkono, nimeona migongo. Wote wamegeukia ule mlango ulioingilia na pikipiki, wanakudai wewe. Aliyenipigia makofi ni mama yangu peke yake, na yeye alikaa nyuma ya mwanamume mrefu, kwa hiyo hakuona. Alisikia kengele tu akabahatisha."

Mwalimu alivua glavu zake nyeupe akazitia mfukoni. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakupiga mluzi.

"Jumamosi siendeshi," alimwambia katibu. "Fundi wa baiskeli ataendesha. Nimempima mwendo, anafaa, ila anapenda kugeuka."

"Mwalimu, unataka kuniua? Watu wanakuja kukuona wewe!"

"Wataniona. Nitakaa nao."

Alikaa katikati ya jukwaa kando ya mwenye saluni, na bila kofia hakuna aliyemtambua mpaka pikipiki ilipoingia na fundi juu yake. Jukwaa likalipuka. "Shemeji yuko wapi? Wamemfungia!" Mwenye saluni akamshika bega akamwinua. "Huyu hapa! Mtazameni walivyomfanya!"

"Hawajanifanya kitu!" Mwalimu alipaza sauti ileile aliyoitumia kwa wanafunzi wanaoelekea ukutani, na watu wakanyamaza. "Nisikilizeni. Mimi sishindani. Mimi ni mshenga. Mshenga anatangulia, anawafikisha watu mlangoni, halafu anakaa pembeni wenyewe wamalizane. Ninyi kila wiki mnapiga kelele nimalize mimi. Mnataka mshenga ndiye aoe?"

Kicheko kikaanza chini kikapanda mpaka kwenye bati. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye saluni, ambaye baadaye aliapa kwamba yeye alijua siku zote.

"Sasa hao wa nyuma ni akina nani?" aliuliza bwana wa gazeti. Alikuwa akija kivulini hapo tangu zamani na hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Mwalimu akawaeleza kwa jinsi alivyowajua, yaani kwa masikio. "Yule wa bluu huwa anasali. Sijui anaomba nini, lakini nikitoka njiani tu anafika kwenye amina, na hapo mjihadhari naye. Wa njano anaitukana pikipiki yangu, matusi ya heshima lakini matusi. Yule mrefu anaimba wimbo mmoja na haujui mwisho wake. Na yule wa nyekundu ni Sindano. Yuko kimya. Ukimya wake unanipa baridi shingoni."

Hapo ndipo watu walipoanza kuchagua. Waliopenda dini wakamchukua wa bluu. Mabenchi ya nyuma yakamchukua wa matusi kwa kauli moja. Msusi mmoja akamchukua mrefu, maana yeye pia hajui mwisho wa nyimbo.

Fundi akanyoosha mkono, akageuka nyuma kama alivyokatazwa, akatoka. Na Mwalimu, aliyewatangulia wasichana hao msimu mzima, akaona kwa mara ya kwanza kinachotokea akishaondoka.

Mstari ulipasuka. Wa bluu alichomoka kama aliyejibiwa. Wa njano akapanda juu ya kona mpaka ikaonekana atatoka nje ya uwanja, kisha akaporomoka chini kwa kasi mbele ya pua za wenzake. Mwalimu akaruka juu ya benchi. Ustaarabu wote wa maisha yake ulimtoka.

"Kioo!" alipiga kelele. "Sindano, tazama kioo! Usipite kushoto! Haya, pita, pita kushoto! Kanyaga! Achia klachi!"

Hakuna baiskeli pale iliyokuwa na kioo wala klachi, lakini jukwaa halikutaka maelezo. "Kioo! Kioo!" likaitikia. Sindano alipenya kati ya wa bluu na wa njano, mahali ambapo huwezi kupitisha hata karatasi, na wote watatu wakavuka mstari bega kwa bega. Mwalimu aligundua kwamba ameng'ang'ania wigi la shemeji yake kwa mikono miwili, na kwamba shemeji yake hayumo ndani yake.

Mwamuzi alitazama picha iliyopigwa mstarini, akatazama tena. Wa njano alishinda kwa unene wa tairi. Uwanja ukakasirika, na kwa mara ya kwanza ulikasirika kwa sababu ya maana. Sindano alipopita akipunguza mwendo, jina lake lilimwagika kutoka mabenchini, akashtuka, akapunga mikono yote miwili na nusura aanguke. Mama yake alisimama juu ya benchi safari hii, na yule mwanamume mrefu ndiye aliyemshika asidondoke.

Mabango yakabadilishwa, yakawa na picha za wasichana. Saluni iligawanyika: viti vya dirishani vya Sindano, viti vya ndani vya yule wa matusi, na mteja akiingia anaulizwa kwanza ni wa upande gani ndipo aambiwe akae wapi. Mke wa Mwalimu alipopata Jumamosi ya mapumziko alikuja kuona mwenyewe. Alishangilia mbio za kwanza, akalala vizuri katika za pili kichwa kikiwa begani kwa mdogo wake, kelele zote zile zikimpita, na alipoamka alisema hajapata usingizi mtamu namna hiyo tangu mumewe astaafu.

Mwalimu alirudi kwenye pikipiki, kwa sharti moja: kila Jumamosi mbio moja iendeshwe na fundi, ili yeye akae jukwaani aone mwisho. Katibu alikubali, naye akatoa sharti lake. Mwalimu akae benchi la juu kabisa, peke yake, mahali ambapo hakuna sikio la mtu mbele yake wala nywele za mtu karibu.