Njia ya Ng'ombe Katikati ya Mpunga wa Nyanya

Mwezi uliopita nililia kwenye shamba la watu. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine, maana hapa Garsen habari ya mtu mzima aliyelia haikawii kufika sokoni.

Mimi si mtu wa kutoka. Nina kiti changu barazani, nina redio yangu, nina birika ambalo limeuzoea mkono wangu, na nikionekana nimevaa viatu watu wa nyumbani huuliza nani amefariki. Siku hiyo basi nikashikwa na wazimu wa kwenda Idsowe kuliona shamba la marehemu nyanya. Kutoka hapa hadi Idsowe hata si safari. Kuna watu huenda na kurudi na bado wakaikuta chai ina moto. Mimi nilifunga mkoba, nikabeba maji, mkate na mwavuli. Nilipofika kando ya mto niliona kipande cha ardhi kilichoinama kidogo kuelekea majini, nikajua ndicho. Nikavua kofia. Nikasali. Machozi yakaja, nami sikuyazuia, nikainama nikachota udongo nikaufunga kwenye leso. Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yangu: "Baba, ukimaliza kulia, toka kwenye kunde zangu."

Nilipomweleza kwamba hapo palikuwa kwa nyanya yangu, alicheka mpaka akaegemea jembe. La nyanya yako lilichukuliwa na mto zamani, akasema. Mto ulihama, na lile shamba sasa liko pale katikati, chini ya maji, mamba ndio wanaolilima. Nikamrudishia udongo wake.

Acha basi nikueleze lilivyokuwa, kwa kuwa lenyewe haliwezi tena kujieleza.

Karibu na maji palikuwa na migomba. Nyuma ya migomba kulikuwa na mpunga, ule wa kupandwa mafuriko yakianza kupungua, wakati tope bado linakunyonya mguu hadi gotini. Na pembeni mwa mpunga, kutoka nyikani hadi mtoni, palikuwa na mkanda mrefu wa ardhi ambao haukupandwa kitu. Huo ndio uliokuwa malka, njia ya ng'ombe. Kiangazi kikikaza, wafugaji walishusha mifugo yao kutoka nyikani kuja kunywa maji, wakapita hapo kati ya mashamba bila kugusa jani la mtu. Kila mwenye shamba aliyepakana na njia hiyo aliacha upande wake wazi. Hakuna aliyeandika popote. Ilikuwa hivyo tu.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Nyanya alinijengea dungu, jukwaa la miti lenye kipaa cha makuti, nikikaa juu na kopo la kugonga na kombeo la kurushia madonge ya tope. Chiriku wakishuka, nagonga. Wakihamia upande wa pili, napiga kelele mpaka koo linawaka. Saa za mchana nyanya aliniletea ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi, au wali na kipande cha kambare mkavu, na kabla hajaniona mimi nilishamsikia, kwa sababu alikuwa akiimba. Aliimba akienda, aliimba akirudi, aliimba ameinama tope limemfika kiunoni. Nyimbo za kanisani, tena kwa sauti mbaya. Naweza kusema hivyo kwa kuwa nimeirithi.

Na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa nimeandikishwa masomo ya ubatizo. Mwalimu wetu wa kanisa alitufundisha kwamba maisha ni safari, na mtu akiifuata njia ya Kristo mpaka mwisho atafika penye furaha isiyokwisha. Kisha akaongeza kwamba wako wengine ambao furaha hiyo huwaanzia hapa hapa duniani, mkitaka mfano mtazameni nyanya wa huyu. Wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa mtoto wa kupindua samaki kwenye sahani kuona kama upande wa chini pia umeiva, nikainua mkono.

"Mwalimu, hiyo furaha huanza lini hasa?"

"Huanza siku mtu anapoacha maswali ya kipuuzi," akanijibu.

Jibu hilo halikunitosha. Niliishi na yule mama, mwalimu hakuishi naye. Nilijua magoti yake yalivyomuuma, nilijua watoto wake wawili walikuwa makaburini, na paa letu lilivuja pembe zote isipokuwa pale penye kuku. Mtu wa namna hiyo anaimba nini? Nikakata kauli kwamba kuna kitu anaficha, na kwamba mpaka nikijue sibatizwi. Kama furaha ya nyanya ilikuwa ya kuigiza, basi njia yote hiyo ya mwalimu ilikuwa ya kuigiza, nami sikuona kwa nini niingizwe katika Mto Tana wenye mamba kwa ajili ya maigizo.

Nikaligeuza dungu langu kituo cha upelelezi. Ndege walikula watakavyo. Mimi nilimtazama nyanya. Haukupita muda nikampata, au nilidhani nimempata. Msimu wa mifugo ulipokaribia, mama mmoja wa wafugaji alikuwa akija asubuhi na kibuyu cha maziwa, anakaa na nyanya chini ya migomba, wanaongea Kiswahili chao cha kukatakata, wanacheka, na akiondoka kibuyu kinabaki. Nikapiga mahesabu yangu. Majirani walikuwa wameanza kusogeza mpunga wao ndani ya malka, mwaka huu hatua mbili, mwaka ujao tatu, lakini nyanya hakusogeza hata unyasi. Kumbe analipwa kwa maziwa! Furaha isiyokwisha ilikuwa inakaa ndani ya kibuyu, na mimi nilikuwa nikiinywa pamoja naye bila kujua nashiriki rushwa. Niliendelea kuinywa, lakini sasa kwa macho makali.

Sikuwa peke yangu. Jirani yetu, mama mwenye shamba lililofuata, pale malka ilipomalizikia mtoni, alikuwa na shaka hiyo hiyo, tena yeye hakuificha. Kanisani aliketi benchi la mbele na sauti yake ilifunika kwaya nzima. Siku moja akaja kwetu na majirani wengine. Mvua zilikuwa haba, mpunga ulikuwa umeanza kupata rangi, na wao walikuwa wamekubaliana kuiziba malka kwa miiba mpaka mavuno yapite. Walitaka nyanya naye azibe upande wake.

"Mimi njia hii niliikuta," nyanya akasema, huku akipepeta mchele. "Walionitangulia waliniachia wazi. Nikiiziba, ng'ombe wa watu wanywe wapi?"

"Hilo ni lao," jirani akasema. "Au wewe umeshakuwa wa kule? Hayo maziwa yamekulevya, eti?"

"Yangekuwa yanalevya, mwenzangu, ningekuwa nimeshakugawia, uache kelele."

Watu wakacheka, jirani hakucheka. Alisimama akamwambia nyanya, mbele ya wote, kwamba Mkristo gani huyu anayewapenda wageni kuliko ndugu zake wa kanisani. Nyanya aliweka ungo chini. Nilidhani atajibu kitu kikali, lakini alisema tu kwamba alipobatizwa hakuambiwa apende upande mmoja wa njia. Kesho yake wakaziba pande zao zote, mbele na nyuma. Katikati, kipande cha nyanya kikabaki wazi peke yake.

Sasa wewe hapo ulipo umeshajua kitakachotokea. Mimi, mpelelezi, sikujua.

Mifugo ilishuka kabla ya wakati. Nilikuwa juu ya dungu nilipoona vumbi nyikani, kisha pembe, kisha nikasikia kengele za shingoni na mluzi wa wachungaji. Ng'ombe walikuwa na kiu ya siku nyingi na walikuwa wameshanusa maji. Waliibomoa miiba ya kwanza kwa nguvu za kiu, wakaingia kwenye kipande cha nyanya, na mbele yao wakakuta ua mwingine wa miiba, huu mnene, wa jirani wa benchi la mbele. Walio mbele wakasimama, walio nyuma wakasukuma. Wachungaji walipiga kelele, wakapiga fimbo, lakini huwezi kulirudisha nyuma kundi lililonusa maji. Waligeuka upande pekee usiokuwa na miiba, ndani ya mpunga wetu, wakapita humo mpaka mtoni. Mimi niligonga kopo. Niligonga kopo kana kwamba ni chiriku.

Walipomaliza kunywa hapakuwa na mpunga. Palikuwa na tope, kwato na samadi. Mpunga wa jirani ulisimama nyuma ya miiba yake, haukuinama hata suke. Mzee mmoja wa wafugaji alikuja akasimama mbele ya nyanya, kilemba mkononi. "Mama," akasema, "sisi tulijua njia iko. Mbele nani alifunga?" Nyanya hakumtajia mtu. Walihama siku hiyo hiyo kwa kuogopa ugomvi, wakaenda kutafuta maji mbali juu ya mto, na kibuyu cha maziwa hatukukiona tena. Kwa hiyo shaka yangu ya rushwa ikafa pale pale, lakini ile kubwa ikabaki. Nikajiambia, haya, maziwa hakuna, mpunga hakuna; Jumapili tutaona.

Na sikuwa mimi tu niliyesubiri Jumapili. Kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Watu waliingia wakimtupia nyanya jicho, wakaketi mahali ambapo wangeuona uso wake. Mwalimu akaanzisha wimbo, ule ule ambao nyanya aliupenda kuliko yote. Jirani wa benchi la mbele akaupokea kwa nguvu, madirisha yakatetemeka.

Nyanya hakuimba.

Alisimama kama wengine, mikono imeshika benchi, midomo imefungwa, na machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Wimbo wa pili pia hakuimba. Nikahisi kitu kifuani ambacho nilitarajia kiwe ushindi, kwa sababu si nimemkamata? Lakini hakikuwa na ladha ya ushindi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikamuuliza, nikiwa nyuma yake ili asinione uso.

"Nyanya, furaha imekwisha?"

Kama nyanya wengi wa kwetu, akinitania aliniita mume wake. "Ipo, mume wangu," akasema bila kugeuka. "Imechoka tu. Iache ilale."

Jumatatu alichukua jembe na vijiti, akaenda shambani, nami nikamfuata nikidhani anakwenda kuchimba viazi. Alikwenda kwenye ile malka iliyovurugwa, akaanza kupigilia vijiti upya pande zote mbili, kuonyesha njia inaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Hakuwa akiimba. Alipigilia kimya mpaka jua likawa kali, kisha akaniagiza maji.

Nilipokuwa nikiinama mtoni kuchota hayo maji, shaka yangu iliniacha. Niliwaza hivi: mtu anayeigiza furaha angeimba Jumapili ile kuliko siku zote, kwa sababu siku hiyo ndiyo alikuwa na watazamaji. Jirani aliimba. Nyanya alinyamaza, kisha akarudi kwenye njia yake. Nyimbo zenyewe zilirudi baadaye, moja moja, nasi wakati huo tukila maembe mabichi yaliyochemshwa, chakula ambacho mpaka leo sikigusi.

Nikabatizwa. Wanaume wenye fito walisimama majini wakipiga maji kufukuza mamba, na nilipozamishwa nilikuwa na imani kamili kwa Mungu na nusu imani kwa wale wenye fito.

Yote hayo hayapo. Malka imegeuka mashamba na nyaya, na mifugo hupitishwa barabarani, ikipigiwa honi na malori. Dungu hakuna, nimeona siku hizi watu wanafunga kanda za kaseti kwenye mpunga, zinavuma kwa upepo, ndege wanaogopa, na watoto wako shuleni, jambo jema. Ile sauti mbaya haipo pia. Nami nimeketi kitini pangu miaka hii yote nikijiita mtu wa njia ile, ingawa mwendo wangu mrefu ni kati ya kiti na birika.

Ndiyo maana siku hiyo, nilipotoka kwenye kunde za watu, sikurudi moja kwa moja Garsen. Nilikuwa nimeingiwa na shaka mpya, ya uzeeni: labda nyanya niliyemwamini nilimtengeneza mwenyewe, vile mtu anavyowatengeneza wafu wake. Ikiwa shamba lake lenyewe nimelikosea, nitajuaje kwamba yeye sikumkosea? Nikauliza kama jirani wetu wa benchi la mbele bado yu hai, nikaonyeshwa nyumba. Nilimwendea yeye makusudi, kwa kuwa nilijua asingenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nilimkuta ameketi mkekani akichambua mchicha, macho hafifu, ulimi haujaguswa. Nilimuuliza bila kuzunguka: ile furaha ya nyanya, wewe uliyekuwa naye ukuta kwa ukuta, uliiona ni ya kweli?

Aliendelea kuchambua. Alitupa shina pembeni. Kisha akasema:

"Mwaka ule sisi tulikula wali, yeye akala maembe mabichi, na bado ni sisi tuliomwonea wivu. Nilikuwa simpendi kabisa, yule nyanya yako."