Fereti Aliyekonda na Swali Nililokosea

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe alilolipiga pasi mama, na mbuzi wa kwanza kuletwa akautafuna mfuko wake. Mkuu wa zahanati ya mifugo, mzee wa maneno machache, alicheka. "Sasa umeajiriwa. Ila kumbuka, binti yangu, mgonjwa wako hasemi. Nenda ukaone anapolala." Miaka ile tulizunguka mazizini, tukachungulia hori kabla ya kumgusa mnyama.

Baadaye nikahamia zahanati ya wanyama wa nyumbani kule Wattaya, mtaa wa ng'ambo Uarabuni, penye kiyoyozi na wagonjwa wenye mito yao. Msimamizi wa huko alipenda karatasi. "Vipimo kwanza, daktari. Safari baadaye." Nami nikastarehe, maana nje kulikuwa na jua.

Ndipo Bi Salha alipomleta Lozi. Lozi alikuwa fereti, mnyama mrefu mwembamba wa ukoo wa kicheche, na ndiye aliyeichangamsha nyumba ya Bi Salha tangu afiwe na mumewe.

"Daktari, nnakwambia, mtoto huyu anayeyuka. Leo kala, kesho hataki, na kukonda ndiyo kazi yake."

Nilimpapasa, uti wa mgongo ukahesabika vidoleni. Alikuwa akisaga meno, dalili ya kichefuchefu, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami, ishara ya damu iliyopita tumboni. Nikapima sukari kwenye damu, kwa kuwa fereti hupatwa sana na vivimbe vya kongosho vinavyoishusha. Ilikuwa sawa. Eksirei nayo haikuonyesha kitu. Nikauliza, "Nani anamlisha?"

Bi Salha akageuka kumtazama Neema, msichana wa kazi kutoka Tanga, aliyekuwa ameshika kikapu. Nikaandika jina lake kwenye faili, na mbele ya jina nikaandika: chakula kibaya? Nikamwuliza anampa chakula gani, nikaagiza apewe kuku tu.

Wiki ya pili Lozi alikuwa amepungua zaidi. Bi Salha alisema kwa sauti ya chini, "Akifa huyu, wallahi Neema namrudisha kwao. Nishamwambia mwanangu aulizie tiketi." Neema alimkuna Lozi nyuma ya sikio, naye Lozi akamramba kidole.

Niliona haya, na maneno ya yule mkuu wangu wa kwanza yakanirudia. Alasiri ile nikaenda nyumbani kwa Bi Salha. Mapazia yalikuwa yamefungwa, moshi wa ubani ukielea, kahawa na halwa mezani. Chakula cha Lozi kilikuwa kuku, kama nilivyoagiza, na bakuli lilikuwa safi. Nilikaa mpaka macho yakaanza kunilegea, nisione kosa lolote.

Nilipoaga nikainama mlangoni, tunapovua viatu sote, nikamkuta Lozi kanitangulia, meno yake kwenye soli ya kiatu changu. Pembeni palikuwa na kandambili isiyo na kisigino, imemegwa nusu duara. Ilikuwa ya Neema.

"Neema, kisigino hiki kimekwenda wapi?"

"Alikila Lozi, Daktari. Mwezi wa pili sasa."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza ninampa chakula gani. Kandambili sikumpa mimi."

Asubuhi yake nilimpasua Lozi, nikatoa kipande cha mpira kikubwa kama kokwa ya tende. Mpira mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Kilikuwa kikiziba njia ya tumbo na kuiachia, ndiyo maana siku moja alikula na siku nyingine akakataa. Mwezi haukwisha, Lozi akanona. Bi Salha alimshika Neema mkono mbele yangu, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Mimi nililikata kwa kalamu jina la Neema kwenye faili, nikamwita mgonjwa mwingine.

Sasa nimestaafu, naishi Bustan, huku huku ng'ambo. Baada ya adhuhuri najilaza kwenye mkeka, feni inazunguka, na usingizi unaponichukua nusunusu wanyama wangu hupita mmoja mmoja: yule mbuzi na mfuko wa koti mdomoni, kisha Lozi, mnene, amepona. Nyuma yake huja Neema, miguu mitupu, kikapu mkononi. Hunitazama kwa upole, akangoja. Mpaka leo naamka kabla sijamwomba radhi.