Bahari ya Mwalimu Kosgei

Micah Kosgei alianza kufundisha jiografia katika shule moja ya upili nje kidogo ya Molo akiwa na miaka ishirini na minne, na wiki ya pili tu akadanganya. Alikuwa akichora ubaoni miamba ya matumbawe, sweta imejaa unga wa chaki, msichana mmoja wa nyuma akamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuiona. Kosgei alikuwa ameona Ziwa Nakuru na Ziwa Naivasha, basi. Lakini darasa zima lilikuwa limenyamaza likimtazama, na yeye bado mgeni, bado anaogopa kuonekana kijana wa Kuresoi aliyetoka kwenye viazi juzi. Akasema ndiyo. Akasema ameogelea hadi kwenye miamba yenyewe.

Kila mwaka walipofika kwenye somo la bahari aliisimulia tena hadithi hiyo, na kila mwaka ilinenepa kidogo. Mwaka huu kasa alimpita karibu hata akamgusa gamba, mwaka ule pweza alijificha akambakizia wino machoni. Alisoma sana ili asije akakamatwa, mpaka akajua habari za maji kupwa na kujaa vizuri kuliko mtu yeyote wa Molo. Wanafunzi walimpenda kwa masimulizi hayo. Miaka kumi na moja ikapita, na hakuna hata mmoja aliyemwomba picha.

Kisha, mwezi wa Aprili, shule zikikaribia kufungwa, Gathogo wa hesabu alileta wazo katika chumba cha walimu. Wabebe mabegi mgongoni, watu watatu, walale Mombasa siku mbili, wavuke mpaka waende Tanga, wazungukie Arusha ndipo warudi. Edinah Awuor wa baiolojia alikubali hapo hapo. Alikuwa mzaliwa wa Nakuru, babu yake alifanya kazi ya reli, na tangu utotoni alikuwa akisikia habari za mji ule ambako reli ilianzia. Kisha wote wawili wakamgeukia Kosgei.

"Wewe ndio wa kutuonyesha," Gathogo alisema. "Sisi maji tunayojua ni ya kunywesha ng'ombe."

Angeweza kukataa. Alikuwa na visingizio vya kutosha, shamba, mke, watoto. Lakini moyoni alitamani kuiona bahari, alitamani sana, na akajiambia kwamba akishaiona mara moja uongo utakuwa umegeuka nusu ukweli.

Asubuhi ya kwanza Mombasa waliteremka ufukweni pamoja. Awuor alipoyaona maji alisimama, akaweka mkono kifuani, kisha akavua viatu akakimbia majini, sketi ikilowa hadi magotini. Gathogo akamfuata akicheka. Kosgei alibaki nyuma na mikono mfukoni kama mtu aliyerudi mahali alipopazoea. Hakuwa amefikiri kwamba bahari ingekuwa kubwa hivyo, wala kwamba ingekuwa na sauti. Walipompa mgongo aliinama upesi, akachovya kidole, akakilamba. Ilikuwa chumvi kweli. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, akilamba kidole kwa kujificha.

Kesho yake walipanda boti iliyowapeleka watalii kwenye miamba. Nahodha, mzee mpole wa huko, aligawa miwani ya maji na mabomba ya kupumulia, kisha akauliza nani hajui kuogelea. Awuor na Gathogo wakainua mikono bila wasiwasi, wakavishwa majaketi ya kuokoa maisha. Nahodha akamnyooshea Kosgei la tatu.

"Vaa tu, mwalimu. Hapa pana mkondo."

"Mimi niko sawa. Nimezoea."

Mto wa kwao Kuresoi ulikuwa ukimfika kiunoni.

Aliteremka kwa ngazi, akaishika ngazi kwa mkono mmoja, akatia uso majini. Na kwa muda wa kuhesabu kumi aliona kila kitu alichokuwa akikifundisha: samaki wa njano wenye milia myeusi, matumbawe kama ubongo, kitu cha zambarau kikipumua kwenye ufa. Alisahau kwamba alikuwa amewahi kudanganya. Akaiachia ngazi ili aone vizuri zaidi.

Wimbi dogo likaingia kwenye bomba. Akavuta maji badala ya hewa, akainua kichwa, akatafuta chini kwa miguu na chini hapakuwapo. Awuor alikuwa karibu naye, anaelea. Kosgei alimkamata shingoni. Miwani yake ikang'oka, kichwa chake kikazama, naye Kosgei akazidi kumpanda, goti kifuani, halafu mguu begani, akasukuma, akaifikia ngazi, akapanda.

Alianguka sakafuni mwa boti akitapika maji. Alipogeuka, Awuor alikuwa bado majini anakohoa, mdomo unatoka damu, na nahodha ndiye aliyekuwa ameinama kumvuta. Kosgei alikuwa karibu na ngazi kuliko nahodha.

Gathogo alikuwa upande wa pili uso ukiwa majini, hakuona kitu. Alipanda akauliza kumetokea nini.

Awuor alimtazama Kosgei. Alimtazama kwa muda, anasubiri. Nahodha naye akageuka, akajishughulisha na kamba.

"Nimeteleza kwenye ngazi," Awuor alisema mwishowe.

Kosgei akaanza kujifuta uso kwa taulo.

Jioni, Awuor akiwa amekaa na barafu iliyofungwa katika leso, alama nyekundu ikionekana begani, Kosgei aliwaambia kwamba amepigiwa simu kutoka nyumbani. Ng'ombe wake amezaa na hawezi kusimama. Itabidi arudi. Wakampa pole. Asubuhi Awuor ndiye aliyemsindikiza hadi kituo cha treni, mdomo umevimba, na kabla hajaingia akamwekea ndizi nne kwenye mfuko wa begi.

Alipofika Molo alimwambia mkewe, Jepleting, kwamba chakula cha pwani kilimvuruga tumbo. Akazima simu, akachukua jembe.

Siku ya tatu walikuwa wakichimba viazi pamoja simu ya Jepleting ilipolia. Aliongea kidogo, akaiweka kifuani.

"Ni Mwalimu Awuor, ako Tanga. Amekupigia akakosa. Anauliza kama ng'ombe ameamka." Akageuza kichwa kuelekea kwenye ua, ambako ng'ombe wao alikuwa anakula majani. "Ng'ombe gani, Baba Kipkemboi?"

Kosgei alifuta mikono kwenye suruali, akapokea simu.

"Ng'ombe ni mzima," alisema. "Hakuwa mgonjwa."

Kwa Awuor kulisikika honi na watu wakipita.

"Mimi nimekuwa nikimwombea huyo ng'ombe," Awuor alisema. "Kila asubuhi, Mwalimu."

"Naomba unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote. Sijui kuogelea. Bahari sijawahi kuiona kabla ya siku ile. Hayo yote nilikuwa natunga."

"Hayo ya kutunga utaongea na wanafunzi wako," Awuor alisema. "Mtu akizama hushika chochote, hiyo naelewa, na mdomo umepona. Lakini ulifika juu ukakaa. Hukuninyooshea mkono. Halafu nikakungoja useme, na hukusema."

"Najua."

"Hiyo ndiyo yangu. Nitahitaji muda. Msalimie Jepleting."

Jepleting alikuwa amesikia upande mmoja, na ulitosha. Alipokea simu yake, akaifuta udongo kwa upindo wa leso aliyojifunga.

"Hata mimi uliniambia hiyo ya kasa," alisema. "Nikiwa bado kwa mama." Akashika mfuko wa viazi, akauburura mwenyewe hadi mwisho wa mstari. Siku zote Kosgei ndiye aliyemsaidia kuuvuta, lakini siku ile Jepleting hakutaka.

Shule zilipofunguliwa Kosgei aliingia kidato cha tatu bila ramani wala chaki. Aliwaambia akiwa amesimama, kwa sentensi fupi, kwamba kwa miaka kumi na moja amekuwa akisimulia mambo ambayo hakuyaona. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Wachache walicheka, kisha wakaacha. Chepkurui, msichana mkimya aliyeandika insha nzuri kuliko wote, akainua mkono.

"Mwalimu, ile insha yangu ya kasa ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mama yangu alikuja kuisoma."

"Najua, Chepkurui."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie mwalimu wako alikudanganya. Akitaka, nitakuja nimwambie mwenyewe."

Alienda kweli, Jumamosi, akasema mbele ya kikombe cha chai ambacho hakuweza kukimaliza. Mama alimsikiliza akamshukuru kwa kuja, kwa adabu iliyomchoma kuliko matusi.

Mkuu wa shule alisikia, akamwita, akamwonya, yakaisha. Kwa Awuor hayakuisha. Alimsalimu kila asubuhi, akampa chaki alipoomba, lakini hakuvuta tena kiti karibu na meza yake wakati wa chai, na Gathogo, ambaye sasa alijua, alikaa katikati yao akizungumza sana habari za mvua. Kosgei hakumsogelea. Alifika kazini, akafundisha kile kilichokuwa kitabuni, akaenda nyumbani.

Mwezi wa Julai, siku ya baridi kali, alimkuta Awuor kwenye korido na madaftari yamemfika kidevuni. Alisimama kando ampishe, kama alivyokuwa akifanya muhula mzima.

"Unaangalia nini?" Awuor alisema. "Shika haya ya kidato cha pili."

Akashika. Walitembea pamoja hadi chumba cha walimu, Kosgei akiyabana madaftari kifuani kwa mikono yote miwili.