Chapa ya Mama kwenye Simu

Mama yangu hajui kusoma. Hata hivyo kila asubuhi, hapa kwetu Waberi, mjini Wajir, alikuwa akifungua kivinjari cha simu yake na kusikiliza redio ya Wajir, apate kujua kama mvua imenyesha Griftu, aliko dada yake na ngamia wao. Mimi nilijifunza kompyuta peke yangu, kwa vitabu na daftari, na ninapenda ukurasa usio na vurugu. Siku moja nilichukua simu yake nikaondoa matangazo, habari za udaku na vijipicha vyote. Kikabaki kisanduku kimoja cha kuandikia kwenye ukurasa mweupe. Niliona nimemrahisishia.

Siku tatu hakutaja mvua. Nilipomuuliza, alinipa simu.

"Umefuta chapa zote, hooyo," alisema, akiniita "mama" kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao. "Sasa ngamia wangu nitamjuaje?"

"Si uandike tu..." nilianza.

"Andika wewe, mwalimu," alisema akicheka.

Kumbe redio aliitambua kwa picha yake, kama anavyomtambua ngamia kwa chapa ya shingoni. Nilimpa kalamu, akachora chapa ya ngamia wa baba yake. Niliipiga picha nikaiweka katikati ya ule weupe, ukiigusa, redio inafunguka.

Aliigusa. Mtangazaji alisema Griftu bado ni kavu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimpigie dada yake.